Jua la Februari Kano limenifundisha kulisha ng'ombe usiku

Nilizaliwa Njoro, huko Nakuru, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo watu hulitafuta jua. Ukimaliza kukama unatoka na kikombe chako cha chai, unasimama upande wa mashariki wa nyumba, unaliota. Februari kwetu ni vumbi na upepo mkavu, lakini usiku blanketi ni mbili. Kisha nikaolewa Kano, kwenye ule uwanda ulio kati ya Kisumu na milima ya Nandi, juu kidogo tu ya Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,135 hivi. Shuleni tulikaririshwa kwamba ukishuka mita 1,000 joto hupanda nyuzi sita hivi. Weka hizo nyuzi sita juu ya ng'ombe wa Frisiani, banda la kuku la mabati na mistari ya nyanya, halafu ongeza usiku usiopoa, utapata kazi yangu ya kila mwaka kuanzia Januari hadi mvua ya masika ishike.

Hapa bomani wananiita nyar Nakuru, yaani binti wa Nakuru. Kiluo changu mpaka leo ni cha sokoni, kwa hivyo mimi na mama mkwe tunaongea Kiswahili kutwa. Mengi ya haya amenionyesha yeye, kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo, kwa sababu si mtu wa kueleza. Mengine nimeyapata kwa daktari wa mifugo anayehudumia wadi yetu, mtu mwenye subira nyingi kwa wakulima wanaouliza "kwa nini" mara mbili mbili.

Nianze na saa, maana huku karibu kila kitu kinaamuliwa na saa.

Tuko karibu kabisa na Ikweta. Ukishika barabara ya Busia, pale Maseno utaona kibao kinachoonyesha mstari unapopita. Kwa hivyo ifikapo Machi 21 jua linapita utosini hasa. Na kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Mombasa, jua letu halifiki utosini saa sita kamili. Linafika kama saa saba kasorobo. Simama uani wakati huo uangalie chini: kivuli chako chote kiko miguuni. Ukuta hausaidii, mti ulio kando hausaidii. Ni paa tu, au tawi lililo juu yako moja kwa moja. Ikifika saa kumi mambo yamegeuka. Jua limeteremkia upande wa ziwa, linaingia bandani kutoka ubavuni, na linakuta mabati na udongo ambavyo vimekuwa vikipokea moto tangu asubuhi. Watu huogopa saa saba. Saa inayoua mifugo ni saa kumi.

Kuku ndio walionionyesha. Mwaka 2019 mvua ya masika ilichelewa sana. Ni Machi ile ambayo Kimbunga Idai kilipiga Beira, kule Msumbiji, na wataalamu wa hali ya hewa wakatueleza kwamba kimeuvuta unyevu ambao ungetuletea mvua. Joto likakaa. Banda tulilokuwa nalo lilikuwa limejengwa na fundi aliyefikiria wezi peke yake: mabati juu, mabati ubavuni, dirisha dogo la kuchungulia. Asubuhi kuku wote wazima, wanakula, wanagombana. Alasiri unakuta mmoja amelala kifudifudi, mabawa yametandazwa, na kila mara ni yule mzito, mtagaji mzuri. Boma la jirani walikuwa wanasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao Newcastle. Daktari alipopita akauliza maswali mawili tu: wanakufa saa ngapi, na ni wepi wanaokufa, wanono au wote? Kideri hakichagui. Kinapiga vifaranga na majogoo pamoja, unaona kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, na vifo haviangalii saa. Joto linachagua wazito, na linakuja alasiri.

Siku moja mama mkwe alimwahi tetea mmoja akiwa bado na pumzi. Mdomo wazi, ulimi unachezacheza, ngozi ya kooni inapwita, kilemba kimeanza kuingia rangi ya zambarau. Hakukimbia naye. Alivuta beseni la maji ya kisima, maji ya kawaida na si ya baridi kali, akamzamisha hadi shingoni, kisha akapitisha vidole chini ya bawa akalinyanyua ili maji yafike kwenye ngozi ya kwapani, ambako manyoya ni machache. Akageuza upande wa pili. Kuku hakupigana hata kidogo, na hiyo peke yake ni dalili mbaya. Alipomtoa alimweka chini ya mwembe, penye upepo, akabaki amemshika mgongo mpaka miguu ikakubali kubeba mwili.

"Nyathina," yaani mwanangu, "kuku hana jasho," akaniambia. "Jasho lake ni huo mdomo."

Ndivyo ilivyo. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, hana tezi za jasho, kwa hivyo anajipooza kwa kuhema ili maji yapotee kwa pumzi. Kutokana na hilo nimepata mambo mawili ya kufanya. La kwanza, kumwagia maji sakafu ya banda lililofungwa ni kumzidishia taabu: hewa inajaa unyevu, na kuhema hakupoozi tena. Upepo kwanza, maji baadaye. La pili ni mayai. Kuku akihema sana anatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida, damu inabadilika, na inakosa kile kinachohitajika kujenga ganda. Kwa hivyo ukiona mayai yana ganda jepesi Februari, kabla hujakimbilia agroveti kununua chokaa ya kuku, angalia kwanza wanahema kiasi gani.

Banda tulilitoboa. Ubavu wa mabati ukatoka, wavu ukaingia, paa likainuliwa, na juu ya mabati tukalaza mikeka ya mafunjo. Mafunjo huku hayana shida, yanakatwa kwenye vinamasi vya ziwa kuanzia Dunga na kuendelea, na mkeka mkukuu usiofaa tena kulaliwa unafaa paani. Weka kiganja chako chini ya bati tupu saa nane, kisha chini ya bati lenye mkeka, hutahitaji mtu akueleze.

Palipotusumbua ni upande wa magharibi. Jua la saa kumi linatoka huko, na upepo wa ziwa, ambao ndio neema pekee ya mchana wetu, nao unatoka huko huko. Ukiziba jua umeziba upepo. Tulijaribu kuning'iniza mkeka wima, banda likawa tanuri. Kilichofaa ni kuutega kwa mshazari: juu umefungwa kwenye ukingo wa paa, chini umevutwa mbele na kufungwa kwenye vigingi mbali na ukuta, ili upepo upite chini yake na miale ikwame juu. Mtu akiniuliza anijengee nini kwanza katika joto, ningemwambia anipandie miti ya siala miwili mitatu upande huo, hatua kadhaa kutoka bandani, kisha asubiri. Mti unaacha upepo upite chini ya matawi, nao unapooza hewa kwa majani yake. Mkeka ni wa kusubiria mti.

Sasa chakula, ambacho ndicho kiini cha haya yote. Mnyama akila, mwili wake unatoa joto kwa sababu ya kusaga hicho chakula, na joto hilo linapanda saa kadhaa baada ya kula. Ukiwapa kuku chakula kizuri saa nne asubuhi, moto wa tumboni unakutana na moto wa nje mchana. Sisi tunatoa vyombo vya chakula saa tatu, tunaacha maji tu, na tunarudisha saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea. Alfajiri mapema tunawasha taa wale tena kabla hapajakucha. Kwa siku nzima wanakula karibu kiasi kile kile, saa tu ndizo zimehama. Jirani yetu aliyecheka taa ya kuku sasa ana yake.

Kwa ng'ombe jambo hili ni kubwa zaidi. Baba alinitumia Frisiani kutoka Njoro, ng'ombe mpole, mweupe kuliko mweusi. Kule kwetu Frisiani yuko nyumbani. Juu ya nyuzi 25 hivi ndipo anaanza kuhangaika, na hapa nyuzi 25 huwa tumeshazipita saa nne asubuhi. Tumbo lake kubwa ni pipa la busaa linalochachuka mchana na usiku, na kila ukiliongezea majani linapata moto. Januari maziwa yalianza kushuka. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na kupe, hana homa asubuhi. Lakini mchana alikuwa halali. Anasimama tu, shingo imenyooshwa, mate yanadondoka, ubavu unakwenda mbio. Ng'ombe mwenye joto husimama kwa sababu akilala nusu ya mwili wake haipati hewa, na ng'ombe asiyelala hacheui vizuri.

Daktari alinifundisha kuhesabu. Unasimama mbali kidogo, usimshtue, unaangalia ubavu ukipanda na kushuka, simu mkononi, dakika moja. Ukipita mara 60, joto limemwelemea, na maziwa ya kesho na keshokutwa umeshayapoteza. Siku hizi kijana anayenisaidia hunitumia hesabu hiyo kwa ujumbe saa tisa hata nikiwa sokoni Ahero.

Tukahamisha malisho. Napia inakatwa jioni, inanyaushwa kidogo, anapewa saa mbili usiku na tena saa kumi alfajiri. Mchana anaachiwa majani machache ya kutafunatafuna. Usiku hafungiwi ndani. Anafunguliwa kwenye uwanja wenye ua, kwa sababu banda linabaki na joto mpaka usiku wa manane na mnyama asiyepoa usiku huanza siku ya pili na deni. Na maji, maji, maji. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ng'ombe anayekamwa anaweza kunywa lita 100 kwa siku katika joto kama hili. Lakini hanywi maji ya moto. Tangi letu ni jeusi, liko juani, na mchana maji yake unaweza kuogea mtoto mchanga bila kuyapasha. Siku tulipolifunika tangi kwa mikeka na kusogeza hori chini ya mwembe, alikunywa mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Kummwagia maji mgongoni kunasaidia ikiwa utamlowesha hadi kwenye ngozi na kuna upepo. Manyunyu yanayoishia juu ya manyoya hayafanyi kitu.

Pamoja na hayo yote, Frisiani wa Njoro hapa Kano ni kazi ya kila siku. Alipofika wakati wa kupandishwa tulimwomba mtu wa mbegu alete ya Sahiwal. Hawa ni ng'ombe wenye asili ya Pakistani na India, ambao kituo cha utafiti cha Naivasha kimewafuga kwa miaka mingi; ngozi yao imelegea, manyoya mafupi, na jua la mchana hawalishtukii. Ndama aliyezaliwa ni wa kahawia, ana masikio makubwa na ngozi inayoning'inia shingoni. Baba alipomwona kwenye picha aliuliza kama hiyo ni ng'ombe ama ni mbuzi. Sasa anakamwa. Hafikii kipimo cha mama yake alipokuwa Njoro, lakini Februari yake na Agosti yake hazipishani sana, na kwa mtu anayeuza maziwa kwa wateja wale wale kila asubuhi, hilo lina thamani kuliko kipimo kikubwa cha miezi michache.

Maziwa yenyewe, kwa njia, hayangoji. Ya asubuhi yasipotoka kabla ya saa tatu yanakuwa lala yenyewe, kwa hivyo yaliyobaki tunayagandisha kwa makusudi na kuyauza jioni. Lala huuzika zaidi kiangazini.

Sungura niliwaacha. Dume la sungura likipata joto kali kwa siku kadhaa mbegu zake huharibika, na huchukua wiki nyingi kurudi sawa, kwa hivyo unampandisha Machi na Aprili hakuna kitu. Mwenye kivuli kizuri anaweza. Kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, niliwaongeza. Sura yao haipendezi na watoto waliwacheka, lakini ile ngozi tupu inatoa joto, na alasiri utawakuta bado wanaparura.

Tuje bustanini. Udongo wa Kano ni mweusi, mzito, mvua ikinyesha unang'ang'ania kwenye gumboti, kiangazi unapasuka. Nyufa zinaweza kumeza mkono hadi kwenye kiwiko. Ukimwagia maji juu ya ardhi iliyopasuka yanateremka yote kwenye ufa na mzizi unabaki mkavu, na ufa wenyewe ukipanuka unakata mizizi. Kwa hivyo kabla ya kumwagia tunapitisha jembe juu juu, tunavunja udongo uwe chengachenga, nyufa zinajaa. Kisha tunatandaza mabua ya mpunga. Mpunga wa Ahero ukivunwa mabua yanabaki mengi, na ukikubaliana na wenye mashamba mapema kabla ya wafugaji, unapata. Mchwa watakuja, hilo lijulikane. Wanakula mabua makavu kuanzia chini, na kuku wakitoroka watayaparura yote kwa dakika chache. Bado naona yanalipa. Ingiza kidole chini yake siku ya tatu baada ya kumwagia, utakuta unyevu, wakati mita moja pembeni udongo umekuwa tofali.

Sukuma wiki ikilegea saa nane si lazima iwe na kiu. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, na mmea unajikunja kujikinga. Mgeni anakimbilia ndoo. Mimi naipitia tena saa moja jioni: ikiwa imesimama, iko sawa, na ikiwa bado imelala, hiyo ndiyo ya kumwagia. Nywesha shinani, kwa wingi, kila baada ya siku kadhaa, badala ya kuirashia kila siku maji ya juu juu yanayofundisha mizizi kukaa karibu na jua. Na yule anayetumia mpira wa maji uliolala juani afungue kwanza aachie maji yaende pembeni, akiyapima kwa mkono. Yale ya mwanzo yanaweza kuunguza mche.

Nyanya zina adabu yake. Joto likifika nyuzi 35 mchana na usiku ukakataa kupoa, chavua inakufa na maua yanadondoka, hata kama majani ni ya kijani na unamwagia vizuri. Utauziwa dawa ya kuzuia maua kudondoka. Dawa ya usiku wa joto haipo. Chini ya majani angalia utitiri mwekundu, kitu kidogo mno, kinachoacha madoa ya njano na utando mwembamba. Unapenda ukavu na vumbi, kwa hivyo mistari iliyo karibu na barabara ndiyo huanza. Sisi tunahesabu miezi ili nyanya zitoe maua kabla ya Januari kukaza, na Februari tunakula tulizovuna au tunanunua.

Shamba la Februari ni la mboga za kienyeji. Mrenda, terere, sageti, kunde na mitoo hazina ugomvi na jua ilimradi mizizi ipate kitu. Sukuma ikipungua sokoni Kibuye, fungu la mrenda linaisha kabla ya saa nne. Mama mkwe hajawahi kupanda nyanya kiangazi maishani mwake na hajawahi kunieleza sababu. Alikuwa ananipa tu mbegu za mitoo kila Krismasi, zimefungwa kwenye kitambaa.

Sisi wenyewe tunafuata saa za wanyama. Kazi ya jembe inaisha saa nne, inarudi saa kumi na moja. Katikati ni kivuli, kupukuchua, kushona mikeka, kulala. Chanjo ya kideri tunaifanya alfajiri, kwa sababu dawa yenyewe inataka ubaridi na kuku akikamatwakamatwa mchana anaweza kukufia mkononi.

Mvua ikianguka huwa ni jioni, kwa kishindo, upepo ukitoka pande zote, na kila mtu anafurahi isipokuwa mama mkwe, ambaye anakwenda moja kwa moja kufunga lango la shamba la mtama. Visiki vya mtama uliovunwa vikipata maji vinachipua kwa siku chache, laini, kijani kibichi, na ng'ombe ambaye hajaona kijani kwa miezi miwili atavunja ua kuvifikia. Machipukizi hayo machanga yana sumu ya sayanidi, na ng'ombe anaweza kuanguka kabla hujapata mtu wa kumpigia simu. Hatufungui mpaka yapite goti. Wakati huo mikeka inashushwa ikaushwe kabla ya kuoza, mabua yaliyobaki yanazikwa, na tunaanza kuchimbua mitaro, kwa maana Aprili shida yetu inakuwa mafuriko ya Mto Nyando.